Mla Viini Anapogeuka Kuwa Nyumba ya Viini

Wanakikundi, somo la leo linahusu kiumbe mdogo sana ambaye yumo katika maji na udongo karibu kila mahali. Anaitwa amiba. Mtaani jina hili linajulikana kwa ubaya, maana mtu akienda zahanati na tumbo linamkata huambiwa, "Una amiba." Huyo wa tumboni ni mwingine. Huyu wetu anaishi zake nje, matopeni, mitoni na hata ndani ya tangi la maji, na chakula chake ni bakteria.

Kazi yake si mbaya. Wanaokaa Kariobangi wanakijua kile kituo cha kusafisha maji taka, angalau kwa harufu! Pale maji machafu hunyunyiziwa juu ya mawe. Kwenye mawe hukua ute, na ndani ya ute huo bakteria hula uchafu, halafu amiba na wenzake huwala bakteria. Bila walaji hao, viini vingi zaidi vingeteremka hadi Mto Nairobi.

Je, anakulaje na hana mdomo? Anajinyoosha kama unga laini wa chapati, anamzunguka bakteria, anamfungia ndani ya kifuko. Kisha anamimina asidi na maji makali ya kusagia chakula mle kifukoni. Bakteria wengi huishia hapo.

Lakini wako wasiokufa. Mwaka 1976, huko Philadelphia, Marekani, watu, wengi wao waliokuwa kwenye mkutano hotelini, walishikwa na homa kali ya mapafu, na 34 wakafa. Bakteria aliyewaua aliitwa Legionela. Mwaka 1980 mtaalamu wa Uingereza, Timothy Rowbotham, alionyesha kwamba bakteria huyu huzaana ndani ya amiba. Akishamezwa tu, anatoa protini zake za ujanja ambazo zinazuia yale maji makali yasifike kifukoni. Badala ya kuliwa anakula yeye, anazaana, mwishowe amiba anapasuka na watoto wanamwagika nje.

Na sisi je? Kwetu hofu kubwa ni kipindupindu, ambacho kililipuka Kenya tena Oktoba 2022 na Nairobi haikupona. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba katika sehemu za Sudan zenye kipindupindu walikuta bakteria wa ugonjwa huo na amiba katika maji yaleyale. Mwaka 2016 wengine huko Uswisi walionyesha anavyojificha: anaingia katika kile kifuko ambacho amiba hutumia kutoa maji ya ziada mwilini, anazaana humo, baadaye anampasua mwenyeji wake na kutoka.

Tusizidishe maneno. Kipindupindu huenezwa hasa na kinyesi kinachoingia kwenye maji na chakula, kwa hiyo choo na kunawa mikono kwa sabuni vinabaki kuwa vya kwanza. Amiba ni maficho ya ziada. Lakini maficho haya yana ubaya wake. Amiba akiona hali ni ngumu anajifunga ndani ya ganda gumu na kulala. Katika majaribio, Legionela waliokuwa ndani ya maganda hayo walistahimili miligramu 50 za klorini kwa lita moja ya maji. Dawa tunayotia kwenye mtungi wa lita 20 huwa ni miligramu chache tu kwa lita.

Basi mtu asiseme dawa ya maji haina maana. Inaua bakteria wanaoogelea wazi, na hao ndio wengi. Ila maji yenye tope yachujeni kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha mtie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na mngoje nusu saa. Makaa au gesi ikiwepo, chemsheni mpaka yatokote, maana amiba na ganda lake na aliyemo ndani hawastahimili maji yanayochemka.

Halafu kuna ule utelezi ndani ya mtungi. Ingiza kidole shingoni mwa mtungi uusikie! Huo ndio shamba la bakteria, na amiba huja kulisha humo. Kusuuza tu hakutoshi. Tia sabuni, maji kidogo na kokoto safi, utikise kwa nguvu, umwage, usuuze vizuri. Wenye tangi la ploti wafanye vivyo hivyo kwa brashi, na tangi lifunikwe.

Jambo jingine la kufikiria: katika damu yetu tuna walinzi wanaomeza viini kwa namna ileile ya amiba. Bakteria wa kifua kikuu humezwa na walinzi hao na kuendelea kuishi ndani yao, mara nyingine miaka mingi, ndiyo maana dawa zake ni za miezi wala si za siku tano.

Maswali ya kikundi: Tangi au mitungi yenu ilisuguliwa lini mara ya mwisho, na nani aliisugua? Yule anayewauzia maji kwa mkokoteni, mmeshamwomba awaonyeshe ndani ya mitungi yake?