Uchaguzi wa Taa za Mweko kwa Studio ya Picha

Tuseme mpiga picha za pasipoti na vitambulisho amekopa fedha katika kikundi chake, akapanga chumba cha mita tatu kwa nne, kisha akaenda dukani kutafuta taa. Muuzaji anamwonyesha aina mbili: moja ya jouli 200, nyingine ya jouli 600 ambayo bei yake ni zaidi ya maradufu. Anaambiwa kwamba kubwa ndiyo ya kitaalamu. Akinunua mbili kubwa, mkopo utakwisha kabla hajapata stendi, mwavuli wala kitambaa cha nyuma. Na katika chumba kile atazitumia siku zote zikiwa zimeshushwa karibu na kikomo chake cha chini.

Ili asifike huko, ni lazima aelewe maana ya namba hizo. Taa ya mweko, ambayo wengi huiita flashi, hukusanya umeme katika kapasita, kisha huuachilia kwa ghafla ndani ya bomba la kioo lenye gesi ya zenoni. Kiasi hicho hupimwa kwa jouli, ambayo ni sawa na wati-sekunde. Kwa hiyo alama J na Ws juu ya kasha zina maana moja. Alama W peke yake ni jambo jingine. Huenda ikawa ni nguvu ya balbu ndogo ya kuongozea, ile inayowaka muda wote ili mpiga picha aone vivuli vitaangukia wapi, au ikawa ni namba ya kuvutia macho tu. Kasha lililoandikwa 1000W bila kutaja jouli popote halijamweleza mnunuzi chochote kuhusu mweko wenyewe.

Jambo la pili huwashangaza wengi. Kuongeza nguvu maradufu, kutoka jouli 200 hadi 400, huleta hatua moja tu ya mwanga, sawa na kufungua lenzi kutoka f/8 hadi f/5.6. Hatua hiyohiyo hupatikana kwa kuisogeza taa kutoka mita 2 hadi mita 1.4 kumwelekea anayepigwa picha, na kusogeza stendi hakuna gharama. Kati ya jouli 200 na 600 tofauti ni hatua moja na nusu hivi.

Kwa chumba kidogo cha picha za vitambulisho, basi, taa mbili za jouli 100 hadi 200 zinazotumia umeme wa ukutani zinatosha. Kinachostahili kulipiwa hapo ni uthabiti. Mnunuzi aombe taa iwashwe dukani, apige picha kumi mfululizo bila kubadili kipimo chochote, kisha azilinganishe kwenye kioo cha kamera. Ikiwa moja imefifia na nyingine imeelekea umanjano, taa hiyo itamchosha kila siku. Ahesabu pia sekunde ambazo taa huchukua kujaa tena. Wateja wakipanga foleni, sekunde nne ni nyingi.

Mpiga picha wa harusi na familia yumo katika hali nyingine. Yeye hufanya kazi ukumbini, bustanini na ufukweni, pengine saa saba mchana bibi harusi akiwa na jua kali mgongoni. Huyo ana haki ya kutafuta jouli 400 hadi 600, tena zenye betri yake. Aulize betri hutoa miweko mingapi kwa nguvu kamili, si kwa nguvu ndogo, na kama betri ya akiba huuzwa peke yake. Kamera nyingi haziwezi kutumia mweko wa kawaida shata ikipita kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde. Taa yenye uwezo unaoandikwa HSS huvuka mpaka huo, lakini kwa kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na wauzaji ni wepesi wa kusahau sehemu hiyo ya pili. Kiwashio cha mbali nacho hutengenezwa kwa chapa maalumu ya kamera: cha Canon hakitatumia uwezo huo juu ya Nikon au Sony.

Kwa apigaye picha za watoto au wacheza ngoma, muda wa mweko ndio unaosimamisha mwendo. Muda huo huandikwa kwa vipimo viwili, t0.5 na t0.1, cha kwanza hutoa namba inayopendeza zaidi, nacho cha pili kiko karibu na ukweli. Asilinganishe taa mbili kwa vipimo tofauti.

Anayepiga picha za vyakula au bidhaa za kuuza mtandaoni pengine hahitaji mweko kabisa. Sahani haitikisiki, taa ya LED ya kuwaka mfululizo pamoja na stendi ya kamera vitamfaa. Na yeyote anayekusudia kurekodi video afahamu kwamba mweko hauna kazi katika video.

Kuhusu usalama hatutafupisha maneno. Kapasita huhifadhi mamia ya volti hata baada ya taa kuchomolewa, na huweza kuua. Taa isifunguliwe nyumbani kwa sababu yoyote. Umeme wetu ni volti 230. Taa iliyotumika kutoka Marekani huenda ikawa ya volti 120 pekee, na itaungua siku ya kwanza. Isomwe bamba lake kabla ya kulipa. Taa yenye plagi ya pini mbili isilazimishwe kuingia kwa kuchokoa tundu la soketi kwa kalamu, tabia ambayo tumeiona hata madukani. Flashi za zamani huweza kupeleka zaidi ya volti 200 katika kamera na kuiharibu, kwa hiyo zipimwe na fundi kwanza.

Mwishoni mwa mauzo, mnunuzi adai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na dhamana ya maandishi yenye namba ya utambulisho wa taa. Asome kama dhamana inahusu bomba na betri, kwani hivyo ndivyo huchakaa mapema na ndivyo huachwa nje mara nyingi. Aulize bei ya bomba jipya na kama lipo dukani. Nguvu halisi ikiwa si ile iliyoandikwa, arudi kwa muuzaji kwanza akiwa na kasha, risiti na picha za majaribio. Akikataliwa, apeleke malalamiko kwa maandishi katika Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa.