SOMO LA ROBO HII: BATI JIPYA AU MATENGENEZO?

Na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi



Kila mvua zinapokaribia, maombi ya mabati huongezeka mezani. Huyu ni mjane, yule ni mwinjilisti, mwingine ni mzee anayelea wajukuu. Karibu maombi yote husema jambo moja: "Nyumba inavuja, tunaomba mabati." Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kamati zetu za Mwamanyili, wilayani Busega, na sharika nyingine za Simiyu, ili kabla ya kuomba fedha tujue kama paa linahitaji kuzibwa, kutengenezwa sehemu, au kuezuliwa lote.

Jambo la kukumbuka ni hili: kutu ndiyo inayoonekana kwanza, lakini mbao na ukuta ndivyo vinavyoamua. Bati jipya likipigiliwa juu ya mbao iliyoliwa na mchwa, fedha ya mfadhili imepotea na familia bado iko hatarini.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwezi Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata, Kahama, mkoa jirani wa Shinyanga, mvua kubwa ya mawe yenye upepo ilibomoa nyumba nyingi za udongo, na watu wapatao 40 walipoteza maisha. Mvua ya namna ile haizuiliki. Hata hivyo, ukuta wa matofali mabichi ambao umekuwa ukilowa msimu baada ya msimu kwa sababu ya paa bovu huanguka upesi zaidi kuliko ukuta mkavu.

WAKATI WA KUKAGUA

Mvua zetu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei, zikipungua katikati. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike Julai au Agosti, wakati kuna ukavu, mafundi wanapatikana na muda wa kutafuta fedha upo. Vifaa ni vichache: ngazi, kisu, kamba, daftari na kalamu.

HATUA NNE ZA UKAGUZI

1. Ndani ya nyumba. Ingieni mchana, fungeni mlango na madirisha, mtazame juu. Kila tundu litaonekana kama nyota. Hesabuni. Kisha tafuteni madoa ya maji ukutani na kwenye mbao. Maji hutiririka kwenye papi kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu linaweza kuwa mbali na mahali ndoo ilipowekwa.

2. Mbao. Chomeni kisu kwenye kenchi na papi, hasa pale zinapokutana na ukuta. Kikigoma, mbao ni nzima. Kikizama kwa urahisi, mbao imeoza au imeliwa. Angalieni pia njia za udongo za mchwa zinazopanda ukutani. Nje, simameni mbali kidogo mtazame mgongo wa paa: ukiwa umebonyea katikati, kenchi zimechoka.

3. Bati. Bati la kawaida hulindwa na zinki. Likififia rangi tu, bado lina uhai. Kutu nyekundu maana yake zinki imekwisha na chuma chenyewe kinaliwa. Kagueni kwanza kwenye misumari, mahali mabati yanapopandana, na juu ya jiko la kuni. Mawe yaliyowekwa juu ili upepo usiezue nayo hushika unyevu na majani, na chini yake kutu huanza mapema.

4. Ukuta na upenu. Upenu ukiwa mfupi, mvua hupiga ukuta moja kwa moja. Tafuteni nyufa juu ya milango na udongo uliomomonyoka chini ya ukuta. Ulizeni pia kama kenchi zimefungwa ukutani kwa waya au zimekalishwa tu.

JINSI YA KUAMUA

Kuziba kunatosha ikiwa matundu ni machache, kutu haijasambaa na mbao ni nzima. Misumari iliyolegea ing'olewe, ipigwe mipya yenye mpira, tena kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde ambako maji hupita.

Kutengeneza sehemu kunafaa ikiwa upande mmoja tu umeharibika: kenchi mbili tatu, kofia ya paa, au mabati ya juu ya jiko.

Kuezua lote ni lazima ikiwa mbao nyingi zimeliwa, mgongo umebonyea, au matundu ya kutu yametapakaa paa zima. Ikiwa ukuta nao umepasuka na kuinama, familia ihamishwe kwanza, kuezeka kusubiri.

Fedha zikiwa haba, mpangilio uwe huu: ukuta, kisha mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, kisha bati. Mnaponunua, kumbukeni kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 28 ni nene kuliko yote mawili.

TAHADHARI: Baadhi ya majengo ya zamani yameezekwa kwa vigae bapa au vya mawimbi vyenye asbesto. Vumbi lake huharibu mapafu. Msiyakate wala kuyavunja. Toeni taarifa kwanza ofisi ya dayosisi.

KWA WAFADHILI WETU

Kuanzia sasa mtaona katika maombi yetu gharama za mbao, waya na dawa, pengine kabla ya mabati. Tafadhali msishangae. Paa zima hukinga ukuta, na likiwekewa gata huleta maji pia: mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 40 ni lita 400.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nyumba zipi usharikani kwetu hazijakaguliwa tangu mvua zilizopita?
2. Nani kati yetu ni fundi, na anaweza kutoa siku mbili?
3. Katika maombi tuliyoandika, ni yapi yanaomba mabati wakati tatizo ni mbao?

Leteni majibu pamoja na orodha ya nyumba, kila moja ikiwa na hali ya ukuta, mbao na bati. Ombi lenye maelezo hayo ndilo tutakalolishughulikia kwanza.