Lami Imefika, Mtoto Apite Wapi?

Swali: Barabara ya mtaani kwetu Geita imewekwa lami, bodaboda sasa zinapita kasi. Watoto wa shule na waendesha baiskeli wapite wapi?

Jibu: Wapewe njia yao. Jirani hapo Shinyanga, baiskeli ya abiria huitwa daladala, ishara kwamba ni usafiri kamili. Lakini mfereji ukiachwa wazi kando ya lami, mama mwenye ndoo kichwani hana pa kukanyaga ila kwenye lami hiyohiyo ya malori.

Dawa yake si ghali. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilijenga njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule kupitia mradi wa SARSAI, uliotwaa tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019. Kubwa ni kushusha mwendo: anayegongwa kwa kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko kwa 50.

Wakazi waanzie mkutano wa mtaa, kisha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Geita, kwa kuwa kuna mgodi, kuna mlango mwingine pia: tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inautaka mgodi ukubaliane na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii. Mifuniko ya mifereji iombwe humo.