UGONJWA UNA NJIA ZAKE, NA NJIA HUFUNGWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim

SOMO LA IJUMAA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake wote. Amma baad.



Ijumaa iliyopita, baada ya sala, ndugu mmoja alisimama akauliza mbele ya watu: "Sheikh, Mtume wetu alisema hakuna maambukizo. Mbona basi waganga wa hospitali wanatukataza kuosha maiti wetu wakati wa Ebola? Tumfuate Mtume au tuwafuate wao?" Wengi walitikisa kichwa kumuunga mkono. Swali hili si dogo, kwa sababu jibu baya linaweza kuzika nyumba nzima. Ndiyo maana nimeliandikia somo hili. Someni polepole, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

1. HADITHI ILIYOKATWA NUSU

Ni kweli Mtume (s.a.w.) alisema hakuna maambukizo. Lakini Abu Huraira, aliyeipokea hadithi hiyo, amepokea pia kwamba Mtume alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke penye ngamia wazima wa mwenzake. Mtu akishika nusu ya kwanza na kuacha nusu ya pili, amejikatia dini kwa kisu chake mwenyewe.

Wanazuoni wameziunganisha hadithi hizi mbili. Waarabu wa zama za ujinga waliamini kwamba ugonjwa una nguvu zake wenyewe, unamshika umtakaye bila amri ya Mungu. Mtume alivunja itikadi hiyo. Bedui mmoja alipomwambia kwamba ngamia wake walikuwa wazuri mpaka alipoingia kati yao ngamia mmoja mwenye ukurutu, Mtume alimuuliza: na yule wa kwanza alimwambukiza nani? Maana yake, mwanzo wa kila jambo uko kwa Allah (s.w.). Lakini Allah huyo huyo amejaalia sababu. Moto huunguza kwa idhini yake, na hakuna kati yetu anayetia mkono motoni akisema anamtegemea Mungu. Ugonjwa nao huhama kwa idhini yake, kwa njia zinazojulikana.

2. SAYYIDNA UMAR ALIRUDI NJIANI

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, alipokewa na wakuu wa majeshi, akiwemo Abu Ubaida bin al-Jarrah. Wakamwambia tauni imeingia Sham. Hiyo ndiyo tauni ya Amwas, karibu na mwaka 639 wa Miladi. Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikuraishi, na hao wote wakasema: rudi na watu.

Abu Ubaida akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mchungaji anayeshuka bondeni, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu. Akilisha penye majani ni kwa kadari ya Mungu, akilisha pakavu pia ni kwa kadari ya Mungu. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume: mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikitokea mahali mlipo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarudi.

Tazameni hekima hiyo. Mzima asiingie, na aliye ndani asitoke, kwa maana huenda ameubeba ugonjwa naye hajui. Hilo ndilo waganga wa leo wanaloliita karantini.

3. NJIA YA KWANZA: MNYAMA

Magonjwa mengi ya watu yalianzia kwa wanyama. Qurani imetuharamishia mzoga na damu. Muumini huitii amri hiyo hata kama hajui sababu yake, lakini akiangalia ataona rehema ndani yake.

Mwezi wa nne mwaka 2025, katika mbuga ya Virunga hapa kwetu Kongo, viboko karibu 50 na wanyama wengine wakubwa walikutwa wamekufa katika mto Ishasha na pande za ziwa Edouard. Walipimwa, ikaonekana ni kimeta. Wakuu wa mbuga wakatangaza watu wajitenge na nyama ya pori, na wachemshe maji. Vijidudu vya kimeta hukaa katika udongo miaka mingi sana. Mnyama huvila pamoja na majani, hufa ghafla, na mara nyingi damu hutoka puani na haigandi. Anayemchuna, anayemkata na anayemla wote wako hatarini. Ng'ombe au mbuzi akifa namna hiyo, usimpasue, usimchune, usiuze nyama kwa bei ndogo sokoni. Mwite veterineri. Mnyama huyo huchomwa, au huzikwa katika shimo refu. Mfugaji analia hasara, tunajua. Lakini kumuuzia jirani mzoga ni dhambi mbili: kumlisha haramu, na kumlisha kifo.

Ebola nayo ina mlango huo. Wataalamu wanawashuku popo wanaokula matunda. Nyani mkubwa au mnyama mwingine wa pori aliyekutwa amekufa msituni huenda ameuawa na ugonjwa huo. Anayemwokota na kumbeba mgongoni, damu ikimchuruzikia, anauleta ugonjwa kijijini.

Tena kuna kichaa cha mbwa. Kinapita katika mate, kwa kuumwa. Mtoto akiumwa, osheni jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mpelekeni kwenye chanjo siku hiyo hiyo. Msingoje aone dalili, kwa kuwa dalili zikitokea karibu hakuna anayepona. Mbwa wa kulinda nyumba au mifugo ameruhusiwa katika dini yetu, lakini kumfuga bila chanjo ni kumweka jirani hatarini.

4. NJIA YA PILI: MAJI NA MIKONO

Kolera tunaijua wote, hasa sisi tunaokaa kando ya mito na maziwa. Mdudu wake hutoka katika choo cha mgonjwa, huingia katika maji, na kutoka kwenye maji huingia kinywani. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyosimama. Alionya juu ya kujisaidia penye maji ya watu, njiani na kivulini, akasema matendo hayo huleta laana. Alitufundisha pia anayeamka usingizini aoshe mikono kabla ya kuitia chomboni, na kuvifunika vyombo usiku. Hayo yote ni kufunga njia.

Sasa tujitazame. Hapa msikitini, kwenye pipa la udhu, kila mtu anachovya kopo lake na mkono wake, na watoto hunywa humo humo. Tunajitwaharisha kwa sala, na huku tunagawana maradhi. Pipa linataka bomba na kifuniko.

Nyumbani, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe dawa ya kloro kwa kipimo kilichoandikwa, yawekwe katika bidoni safi yenye kifuniko. Mtu akianza kuharisha maji maji kama ya mchele, anaweza kufa kwa saa chache kwa kukaukiwa. Mpeni maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka hospitali. Anayetibiwa mapema, kwa kawaida hupona.

5. NJIA YA TATU: MWILI WA MGONJWA NA WA MAITI

Ebola ilijulikana mara ya kwanza katika nchi yetu mwaka 1976, huko Yambuku. Tangu siku hizo Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtoto wa Kongo, amepigana nayo. Ugonjwa mkubwa kuliko yote ya Ebola nchini mwetu ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ukafika Ituri na Kivu ya Kusini, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walihesabiwa 3,470, na waliokufa 2,287. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ebola haipiti hewani kama harufu. Inapita katika damu, matapishi, choo, mate na jasho la mgonjwa. Mtu akishaambukizwa, dalili huja baada ya siku 2 mpaka 21, na kabla ya dalili hamwambukizi mwingine. Ndiyo sababu aliyemgusa mgonjwa hufuatwa siku 21. Kila siku vijidudu huzidi mwilini, na siku anapokufa vimejaa kabisa. Maiti ndiye mwenye hatari kuliko mgonjwa. Na sisi Waislamu maiti wetu tunamgusa: tunamkanda tumbo, tunamwosha kwa mikono, maji yanaturukia, kisha tunabusu paji la uso.

Hapa ni lazima niseme jambo langu. Mwaka 2018 watu walinijia wakisema Ebola ni siasa na ni biashara. Mwezi wa 12 mwaka huo, uchaguzi ulipoahirishwa kule Beni na Butembo na ugonjwa ukatajwa kuwa ni sababu mojawapo, maneno hayo yakazidi. Sikuyathibitisha, lakini sikuyakataa. Nilinyamaza, nikaogopa kuonekana nimeuzwa. Nimeosha maiti tangu ujana wangu, na niliona haya kusema kwamba kuna maiti asiyepaswa kuoshwa. Kunyamaza kwa imamu ni fatwa. Astaghfirullah.

6. JIBU LA SWALI

Kumwosha maiti ni faradhi ya kutosheleza. Lakini Sharia haimtaki mtu ajiue kwa faradhi. Qurani imetukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi. Mgonjwa anayedhuriwa na maji huacha kuoga na kutayamamu. Kadhalika maiti asiyeweza kuoshwa bila madhara hutayamamishwa. Na wanazuoni wengi wa leo wamesema ikiwa hata hilo haliwezekani, wajibu huo umeondoka: husaliwa na kuzikwa.

Wakati wa Ebola iliyoua watu zaidi ya 11,000 katika Guinea, Sierra Leone na Liberia, na nchi mbili za kwanza zina Waislamu wengi, maelekezo ya OMS ya mwaka 2014 yaliweka sehemu ya mazishi ya Kiislamu. Mwislamu aliyevaa mavazi ya kinga hupiga viganja juu ya mchanga safi au jiwe, akapitisha penye uso na mikono ya marehemu. Sanda nyeupe huwekwa pia. Jamaa husimama mbali kidogo, jeneza husaliwa, naye huzikwa kuelekea kibla. Hakuna lililopungua kwake. Mtume alitaja kwamba aliyekufa kwa tauni ni shahidi, na aliyekufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi. Ikiwa tunamtarajia daraja hilo, tusihofu kwamba Mola wake atamkataa kwa kukosa maji.

Basi, ndugu uliyeuliza, si Mtume upande mmoja na hospitali upande wa pili. Anayekuambia usimguse maiti huyu anakuambia lile lile la ngamia: mgonjwa asichanganywe na mzima. Mfuate Mtume, na hapo utakuwa umemsikiliza na mganga.

7. KAZI YETU

Kwanza, kamati ya jeneza ichague watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, waende kituo cha afya wajifunze mazishi ya salama kabla ya msiba kutufikia. Tukiwa na watu wetu wenyewe katika kikosi, hakuna atakayesema maiti wetu amezikwa kama gogo.

Pili, ukisikia homa, kutapika au kutoka damu katika nyumba, usifiche mgonjwa. Mapema kuna dawa. Kwa Ebola ile ya Kivu kuna chanjo, na katika miaka ile ilitolewa kwa watu zaidi ya 300,000 waliokuwa karibu na wagonjwa. Kumchanja anayemzunguka mgonjwa ni kuuzungushia moto uwanja usioungua.

Tatu, Jumapili tutafanya salongo ya choo na pipa la udhu. Kila mtu aje na jembe au ndoo.

Nne, aliyepona msimkimbie. Mkaribisheni kwenye safu. Karantini ni ya ugonjwa, si adhabu ya mtu.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Kwa nini Umar (r.a.) alirudi, naye alikuwa na imani kuliko sisi?
2. Katika nyumba yako, ni njia ipi ya ugonjwa iko wazi leo?
3. Ukifa wewe kwa ugonjwa wa kuambukiza, umewausia nini watoto wako juu ya kukuosha?

Swali la tatu lijibuni kabla ya Ijumaa ijayo. Wasia wa mzazi hunyamazisha ugomvi wa jamaa.

Ee Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, waliooshwa na wasiooshwa. Tupe imani inayokutegemea wewe na akili inayofunga mlango. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe chini wala usifungie bidhaa. Ukimaliza, mpe mwenzako.