Dondoo Muhimu: Miguu Isiyotulia Usiku

Ugonjwa wa miguu isiyotulia, yaani hali ya neva inayomletea mtu hamu kubwa ya kuisogeza miguu kila anapojilaza, mara nyingi huhusiana na upungufu wa madini ya chuma. Kwa hiyo kipimo cha feritini, protini inayohifadhi madini hayo, kinastahili kutangulia vidonge vyovyote. Nyumbani, kuoga maji ya uvuguvugu na kukanda mashavu ya miguu kabla ya kulala huwapa wengi nafuu. Chai ya jioni iachwe, kwani kafeini huweza kuzidisha hali hiyo, na chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Dawa za mzio zinazosababisha usingizi, ingawa huonekana kufaa, huweza kuichochea hali hiyo zaidi. Mjamzito mwenye dalili hizi amwone mhudumu wa kliniki mapema.