Simba Mashambani: Kinga kwa Wakulima wa Rufiji na Lindi

Kusini mwa Tanzania, simba anayeua mtu mara nyingi humkuta shambani au karibu na nyumba yake, si katikati ya hifadhi. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini na kujeruhi wengine zaidi ya 300. Rufiji na Lindi ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi.

Anayemleta simba shambani ni nguruwe mwitu. Pale ambapo nyati, pundamilia na swala wamepungua kwa kuwindwa na kwa mapori kulimwa, nguruwe hubaki, kwa kuwa hustawi vizuri kandokando ya mashamba ya mahindi, mpunga na muhogo. Wakazi wengi wa ukanda huo ni Waislamu, hawali nyama yake, hivyo hawamwindi kwa kitoweo. Usiku nguruwe huingia shambani, na simba humfuata. Mkulima naye yuko hapo hapo, akilinda mazao yake. Ndiyo maana mashambulizi huongezeka wakati wa mavuno, hasa Machi hadi Mei.

Hatari kubwa iko kwenye dungu. Kibanda cha nyasi kilichojengwa chini, kisicho na mlango, hakimzuii simba hata kidogo. Dungu salama huinuliwa juu ya nguzo imara, huzungushiwa kuta za miti iliyofungwa vizuri, na ngazi yake huvutwa juu mlinzi akishapanda. Lililo bora zaidi ni kupunguza haja ya kulala shambani: majirani wakiunganisha mashamba yao na kuyazungushia mtaro mrefu au uzio unaomzuia nguruwe, simba hukosa sababu ya kufika. Kazi hiyo ni nzito kwa kaya moja, lakini kijiji kikishirikiana kinaiweza.

Saa nazo zina uzito wake. Mashambulizi mengi hutokea kuanzia machweo hadi saa nne usiku, na huzidi siku zinazofuata mwezi mpevu. Wakati wa mbalamwezi simba huwinda kwa shida kwa kuwa mawindo humwona, kwa hiyo hubaki na njaa. Baada ya hapo mwezi huchelewa kuchomoza, na giza la mapema humkuta simba akiwa tayari kuwinda na watu bado wako nje. Katika siku hizo, shughuli kama kuchota maji, kwenda choo cha nje na kutembelea majirani zimalizike kabla jua halijazama. Watoto wasitumwe peke yao.

Wapo wanaosema simba mla watu ni mzee asiyeweza kuwinda, na wapo wanaosema ametumwa na mchawi. Simba aliyeuawa Rufiji mwaka 2004, baada ya kuua watu zaidi ya 30, alikuwa bado kijana. Alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Imani ya simba wa kutumwa ina madhara ya wazi: watu husakana wao kwa wao, taarifa huchelewa, na simba huendelea kuua.

Anayekutana na simba asikimbie, kwani kukimbia humchochea kufukuza. Asimame wima, amtazame, apige kelele, ainue mikono au nguo aonekane mkubwa, kisha arudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Akirukiwa, apigane kwa chochote alichonacho na akinge shingo. Simba aliyejeruhiwa asifuatwe vichakani na wanakijiji. Hiyo ni kazi ya askari wa wanyamapori wenye silaha.

Jeraha la simba huoza haraka. Damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi. Jeraha lisilovuja damu nyingi lioshwe kwa maji mengi na sabuni. Majeruhi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo, apate dawa za kuua bakteria na chanjo za pepopunda na kichaa cha mbwa.

Nyayo za simba zikionekana karibu na makazi, mtendaji wa kijiji ajulishwe mara moja, naye awasiliane na afisa wanyamapori wa wilaya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Familia iliyofiwa au yenye majeruhi ina haki ya kuomba kifuta machozi chini ya kanuni za mwaka 2011. Malipo hayo ni ya kufariji, si fidia ya hasara yote, na maombi yake huanzia kwenye taarifa iliyotolewa kijijini.