Ukiwapeleka watoto jangwani, anza kwa kuhesabu maji

LIKIZO ya Agosti inapokaribia, wazazi hunijia kliniki wakiwa na swali moja: je, ni salama kuwapeleka watoto kaskazini, hadi Marsabit, jangwa la Chalbi na mbuga ya Sibiloi kando ya Ziwa Turkana? Zamani safari hiyo ilikuwa ya watafiti, wamishenari na madereva wa malori. Lakini tangu lami ikamilike kutoka Isiolo hadi Moyale katikati ya miaka ya 2010, familia ikiondoka Nairobi alfajiri inaweza kulala Marsabit usiku huo huo.

Jibu langu ni kwamba watoto wanaweza kwenda. Ila kuna somo moja ambalo mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu ya udaktari, nililipata kwa aibu.

Tulikuwa watu sita garini: mimi na mke wangu, mama yangu, na watoto wetu watatu. Tulilala Marsabit, ambako mlima na msitu huleta ukungu na baridi ya asubuhi, na watoto walipanda gari wakiwa wamevaa sweta. Kwa sababu ya baridi hiyo hawakunywa kitu ila chai kidogo. Saa mbili baadaye tulikuwa tumeteremka kwenye joto kali, tukielekea Kalacha, juu ya yale mawe meusi ya volkano yanayokata matairi kama shoka. Tulipata pancha ya kwanza, tukafunga tairi la akiba. Kabla ya saa tano tukapata ya pili, na hatukuwa na tairi jingine.

Hapo ndipo nilipopanda kwenye keria kuteremsha maji. Nilikuwa na mtungi mmoja wa lita 20. Mtikisiko ulikuwa umeutoboa na ndani hamkuwa na hata kikombe kimoja. Tukabaki na chupa tatu ndogo na soda za watoto. Na hebu niseme ukweli: hata kama mtungi ungekuwa mzima, usingetutosha.

Kitinda mimba wetu alikuwa na miaka 6. Alilia maji, tukampa kidogo kidogo kwa kuogopa yaishe, kisha akaacha kulia. Alijilaza mapajani mwa nyanya yake akatulia tuli. Nilishukuru kimoyomoyo kwamba amelala. Saa tisa hivi akatokea mzee wa Kigabra akiwa na ngamia wake. Alisalimia, akamtazama mtoto kwa muda, kisha akauliza, "Huyu amekojoa saa ngapi?"

Nilimtazama mke wangu, naye akamtazama mama. "Tangu Marsabit hajakojoa," mama akajibu. Mimi daktari sikuwa nimeuliza swali hilo.

Mzee alitupa maji kutoka kwenye kibuyu chake. Tukachanganya sukari na chumvi zilizokuwa kwenye kapu la chakula, tukamnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko. Lori lilipofika jioni kutuokoa, alikuwa ameomba kushuka akojoe, na sidhani nimewahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile.

Mtoto akinyamaza

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akiwa na kiu atasema. Mtoto mdogo hana maneno ya kutosha, na yule mkubwa kidogo hunogewa na safari akasahau. Isitoshe, mwili wa mtoto hupokea joto upesi kuliko wa mtu mzima, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake.

Kuna hila nyingine ya kaskazini, nayo ni upepo. Kusini mwa Ziwa Turkana upepo huvuma kwa nguvu kiasi kwamba mitambo 365 ya kuzalisha umeme imesimikwa huko, karibu na Loiyangalani. Upepo huo hukausha jasho papo hapo. Mtu hujigusa paji la uso, akaona ni kavu, akadhani hatoki jasho, kumbe mwili wake unapoteza maji kila dakika.

Kwa hivyo usitegemee kiu wala jasho. Tegemea mkojo. Kila mmoja garini, hata nyanya, anapaswa kukojoa angalau kila baada ya saa nne au tano, na mkojo uwe wa rangi hafifu. Ukiwa mchache na wa rangi ya chai ya rangi, simamisha gari mnywe. Mtoto akiwa na midomo mikavu, macho yaliyoingia ndani, akilia bila machozi au akilegea na kusinzia mchana bila sababu, hiyo si hali ya kungojea mfike.

Hesabu yenyewe

Mimi huhesabu lita 5 za kunywa kwa mtu mzima kila siku na lita 3 kwa mtoto. Familia kama yangu inahitaji lita 24 kwa siku. Ukipanga siku tatu nje ya lami, ongeza siku mbili za dharura, na jumla ni lita 120. Hiyo ni mitungi sita ya lita 20, mbali na mmoja wa rejeta na kunawa. Uzito huo ni kilo 120 za maji pekee, kwa hivyo jambo la kuacha nyumbani ni masanduku ya nguo. Usiweke maji yote mahali pamoja. Mitungi igawe ndani ya gari, uifunge isigongane, na kila mtoto awe na chupa yake ambayo mzazi anaijaza na kuikagua. Matairi ya akiba yawe mawili.

Kunywa maji matupu siku nzima bila kula nako kuna matatizo yake, kwa sababu jasho huondoka na chumvi. Chapati, njugu zilizotiwa chumvi na supu ya jioni zinatosha kwa mtu mwenye afya. Soda si badala ya maji, kwani sukari yake nyingi huweza kumzidishia mtoto kuhara. Beba pakiti za ORS zisizopungua kumi. Zikiisha, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha uendelee kwa kijiko kimoja kimoja.

Ama Ziwa Turkana, watoto wakiliona watashangilia. Maji yake ni ya magadi na yana floridi nyingi, na kuyachemsha hakuondoi vitu hivyo. Aidha, ziwa lina mamba wengi.

Maziwa ya ngamia mtakaribishwa, na ni matamu. Chemsheni kwanza, kwa maana maziwa mabichi huweza kuleta brusela, ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo ambao huchukua wiki nyingi kutibu. Kukataa kabisa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Mwambie tu kwamba mtoto hunywa ya moto.

Gari likikwama, msitembee kwenda kutafuta msaada. Gari huonekana kwa mbali, mtu haonekani. Kaeni kivulini kando ya gari, si ndani yake, juu ya mkeka au masanduku, kwa sababu ardhi yenyewe huwaka. Na hata mjini Isiolo mnaponunua vitu, usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa. Joto la ndani hupanda zaidi katika nusu saa ya kwanza, na kuteremsha kioo kidogo hakusaidii sana.

Mtu aliyepatwa na joto kali zaidi huanza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au hata kupata kifafa, na mwili wake hupita nyuzi 40. Huyu anaweza kufa au kuharibika ubongo. Mpoze kwanza, ndipo umsafirishe: mvue nguo, mmwagie maji, mpepee kwa nguvu. Usimpe kinywaji kama hana fahamu, na usipoteze wakati kwa parasetamoli, kwani haifanyi kazi kwa joto la aina hii.

Wazee wanahitaji kufikiriwa mapema. Mama yangu hutumia dawa za shinikizo la damu, miongoni mwake vidonge vya kumfanya akojoe. Dawa hizo zikikutana na jangwa, huweza kumwangusha mtu au kuumiza figo zake. Usiziache kwa uamuzi wako. Mwone daktari wako wiki mbili kabla ya safari, naye ataamua kama zipunguzwe. Mwenye kisukari anayetumia insulini aitie ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa kibichi, wala asiiweke juu ya dashibodi wala kugusana na barafu.

Nyoka watu huwaogopa kupita kiasi, lakini kaskazini kuna moma mdogo wa mchangani ambaye sumu yake huzuia damu kuganda. Watoto wavae viatu vilivyofunika vidole, wavikung'ute asubuhi kwa sababu ya nge, na usiku watembee na tochi. Akiumwa mtu na nyoka, usikate, usinyonye, usifunge kamba wala kubandika jiwe la nyoka. Ufunge mguu kwa ubao usitikisike, umpeleke hospitalini. Dawa ya kuzuia sumu haipatikani katika kila zahanati, hivyo kabla ya kutoka Nairobi piga simu hospitali za rufaa za Isiolo na Marsabit uulize kama wanayo. Uanachama wa Flying Doctors wa AMREF nao ufikirie, maana kutoka Sibiloi hadi hospitali kubwa kwa gari ni mwendo wa siku nzima au zaidi.

Kuhusu wakati, Agosti ni afadhali. Aprili ni mvua, na Chalbi ikinyeshewa huwa tope lisilopitika. Mkifika Marsabit jazeni mafuta, waulizeni polisi na askari wa wanyamapori hali ya usalama, na mwambieni mtu mjini mnapita njia gani na mnatarajiwa lini. Simu ya mkononi itapoteza mtandao sehemu nyingi.

Baada ya kurudi

Laleni ndani ya neti kila usiku. Malaria huko huzuka hasa baada ya mvua, na pana pia usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayekaa kwenye vichuguu na kueneza kala-azar. Wakataze watoto kucheza kwenye vichuguu jioni.

Ugonjwa huo hautokei mara moja. Aghalabu huchukua miezi miwili hadi sita, wakati ambapo picha za safari zimeshasahaulika na mtoto amerudi shuleni. Homa huja na kwenda, mtoto hukonda, hupauka, na upande wa kushoto wa tumbo huvimba kwa sababu ya wengu. Bila matibabu huua. Daktari wa Nairobi anaweza kutibu malaria mara mbili tatu bila kufikiria jambo jingine. Kwa hivyo homa ikizidi wiki mbili, usingoje aulize. Mwambie mlikwenda wapi, na mwezi gani.